Kuitengeneza baiskeli nyumbani: mwongozo kwa wapanda baiskeli wa Malindi na Kilifi

Mitungi 4 ya maji, kila mmoja wa lita 20, ni uzani wa kilo 80 juu ya keria. Mtu anayeichukua kutoka kisimani hadi mitaani, mara kadhaa kwa siku, anaitumikisha baiskeli kuliko walivyokusudia waliobuni. Ndivyo ilivyo pia kwa mgema anayepeleka mnazi sokoni, mchuuzi wa samaki anayetoka Ngomeni alfajiri, muuza madafu wa Watamu, na mwanafunzi wa Kakuyuni au Langobaya ambaye shule iko mbali na kwao. Mnyororo ukikatika njiani, hasara yake haihesabiwi kwa bei ya mnyororo. Samaki hawangoji, mnunuzi wa madafu hupita zake, na kipindi cha kwanza darasani hakirudiwi.

Makala haya yameandikwa kwa watu hao. Hayatamfanya mtu fundi. Tunataka tu pancha, mnyororo, breki na gololi zisiwe siri tena nyumbani, na mwenye baiskeli ajue lini akae kivulini na spana yake mwenyewe, na lini aikokote hadi kwa fundi.

Kwanza ijue baiskeli yako ni ya namna gani, maana vipuri havilingani. Hapa kwetu zimeenea namna mbili. Ya kwanza ni ile nyeusi nzito iitwayo Black Mamba. Umbo lake lilitoka Uingereza, kwa akina Raleigh wa Nottingham, kisha Wahindi wakaja na Hero na Atlas, na Wachina wakaja na Phoenix. Ina magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma virefu badala ya waya, na kranki zilizoshikwa kwa kotapini. Ya pili ni baiskeli ya gia, magurudumu ya inchi 26, tairi pana lenye meno, breki za waya. Nyingi katika hizi huja zikiwa zimekwisha kutumika Ulaya. Black Mamba ni nzito lakini kila fundi kutoka Mtwapa hadi Marereni anaijua, na kipuri chake hakikosekani. Ya gia ni nyepesi na hupanda mlima vizuri, ila ikiharibika gia huko Marafa, huenda ukangoja kipuri kitoke Mombasa. Kwa kazi ya mizigo mimi ningechagua ile nyeusi bila kufikiri mara mbili.

Chumvi na mchanga

Vitabu vingi vya baiskeli vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, na adui wao ni theluji na matope. Adui zetu ni wawili wengine. Chumvi ya baharini huivuta maji iliyo hewani, kwa hiyo chuma kilichopigwa na upepo wa bahari hubaki na unyevu hata siku isiyo na mvua. Kutu ya Mambrui au ya Takaungu haifanani na kutu ya bara. Msimu wa kusi, tangu Aprili hadi Septemba hivi, ndio mbaya zaidi, maana upepo hutoka baharini kwa nguvu na masika huwa ndani yake.

Baiskeli iliyopita ufukoni, au iliyolala nje usiku karibu na bahari, yataka kufutwa kwa kitambaa kilicholowa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha ikaushwe. Maji ya kisima cha karibu na pwani mara nyingi yana chumvichumvi, na ukiyaonja utajua. Hayo usiyatumie kuoshea baiskeli, kwani unaongeza ulichokuja kuondoa. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye pipa ni bora. Wala usiipeleke inakooshewa magari ikapigwa maji ya mashine. Maji yale yana nguvu ya kupenya ndani ya habu na kufukuza grisi, na baada ya wiki chache utasikia gurudumu likisaga.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hulipuuza: nguzo ya kiti. Ikikaa miaka bila kuguswa, hasa kama ni ya aluminiamu ndani ya fremu ya chuma, chumvi huifungia humo hadi isitoke tena kwa nyundo wala kwa dua. Itoe kila baada ya miezi 3 au 4, ipake grisi nyembamba, irudishe. Ni kazi ya dakika 5.

Mchanga ni adui wa pili. Ule mwekundu wa Magarini na mweupe wa pwani yote miwili ina chembe ngumu, na chembe hizo zikichanganyika na mafuta zinakuwa msasa. Ndiyo sababu kumimina mafuta juu ya mnyororo mchafu ni kuumaliza upesi. Futa kwanza, mafuta baadaye, na mafuta yenyewe yawe kidogo.

Mafuta gani? Oili ya cherehani yatosha, na hupatikana katika kila duka la vyuma. Oili chafu iliyomwagwa kwenye injini ya gari ni ya bure, na wengi huitumia kwa sababu hiyo, lakini ina masizi na chembe za chuma, na si nzuri kwa ngozi ya mikono. Mafuta ya nazi yaacheni jikoni. Yakipoa chini ya nyuzi 24 au 25 huganda, na yakikaa hunata vumbi. Grisi nayo kazi yake ni ndani, kwenye gololi, kwenye nyuzi za skrubu na nguzo ya kiti. Mnyororo hautiwi grisi.

Vyombo vya kazi

Havihitaji kuwa vingi, na mkebe mmoja wa biskuti huvitosha. Kwa Black Mamba, ile spana bapa yenye matundu mengi iuzwayo madukani hufanya nusu ya kazi, ingawa chuma chake mara nyingi ni laini na huzila kona za nati. Ukiweza, pata spana nzuri ya nati za gurudumu peke yake, kwa sababu hizo ndizo utakazozifungua mara nyingi. Zaidi ya hapo ni koleo, bisibisi, nyundo, na spana mbili nyembamba za koni. Baiskeli ya gia huongeza funguo za Allen za milimita 4, 5 na 6. Kisha vifaa vya pancha: pampu, viraka, gundi ya solushen, kipande cha msasa, na vijiko viwili vya kubandulia tairi. Mswaki mkuukuu na matambara havinunuliwi. Mafuta ya taa kidogo kwenye chupa, yakae mbali na watoto.

Kununua spana moja moja kila mwezi ni bora kuliko kununua seti ya bei rahisi kwa mkupuo. Seti hizo hupindika.

Pancha

Hii ndiyo inayowapeleka watu wengi kwa fundi, na ndiyo rahisi kuliko zote kujifunza. Tairi la upepo alilotengeneza John Boyd Dunlop huko Belfast mwaka 1888 halijabadilika sana katika misingi yake, na namna ya kuliziba ni ileile kila mahali.

Pindua baiskeli ikae juu ya kiti na usukani. Kabla ya kufungua gurudumu, zungusha tairi polepole ukilitazama. Miiba yetu, ya mbigili, mgunga na mkunazi, huvunjika ikabaki ndani, na ukiiona mapema huhitaji hata kutoa tyubu yote. Vuta tu kipande cha tyubu mahali pale. Weka alama kwa chaki upande wa vali, ujue tundu la tyubu lilikuwa sambamba na sehemu gani ya tairi.

Kama hukuuona mwiba, toa upepo wote, sukuma kingo za tairi zote mbili ziingie katikati ya rimu palipo na bonde, ndipo utie kijiko. Watu hupambana na tairi kwa bisibisi na kutoboa tyubu mara ya pili kwa sababu ya kusahau hilo bonde. Kingo zikiwa humo, tairi hulegea na mara nyingine hutoka kwa mikono mitupu.

Tia tyubu upepo kidogo nje ya tairi, ipitishe ndani ya maji kwenye beseni, utazame mapovu. Kama maji hayapo, isogeze karibu na shavu au mdomo uliolowa, pumzi nyembamba utaihisi. Ukishalipata tundu, endelea kuizungusha yote, maana mwiba wa mbigili mara nyingi hupiga mawili. Matundu mawili yaliyo sambamba kama alama ya kuumwa na nyoka hayakusababishwa na mwiba. Tyubu ilibanwa kati ya rimu na jiwe kwa kuwa upepo ulikuwa mdogo. Tundu lililo upande wa ndani, unaoelekea rimu, ni la spoku iliyochomoza, na hapo utazame kama ule mkanda unaofunika vichwa vya spoku umehama au umeoza.

Sasa kausha, sugua kwa msasa hadi mng'ao wa mpira uondoke, eneo liwe kubwa kuliko kiraka. Paka gundi nyembamba kwa kidole kisha ungoje. Hapa ndipo papo siri yote. Gundi ikiwa bado mbichi haishiki, nayo yataka dakika 5 hivi, zaidi siku ya unyevu. Ukiigusa pembeni ikawa hainati kidoleni, bandika kiraka na ukikandamize kwa nguvu, tokea katikati kwenda ukingoni. Wapo wanaowasha kiberiti juu ya gundi ili iharakishe. Mvuke wa gundi ile unashika moto, na tyubu nyembamba huungua pasipoonekana. Usifanye hivyo nyumbani, hasa kukiwa na watoto wanaotazama na kuiga.

Ukimaliza, nyunyizia unga wa chaki au jivu laini kwenye kiraka kisije kikanata tairini. Pitisha tambara ndani ya tairi duru nzima kabla ya kurudisha tyubu. Mwiba uliobaki utaushika uzi wa tambara kabla haujakuchoma kidole, na kabla haujaitoboa tyubu tena kesho asubuhi. Mtu akikuambia kiraka chake hakikushika, mara tisa katika kumi ni mwiba uleule haujatoka.

Kuna vali za namna mbili. Tyubu nyingi za Black Mamba zina vali ya kizamani, yenye kimrija kidogo cha mpira ndani yake. Kimrija hicho huoza kwa joto, na tairi likawa linashuka polepole usiku bila tundu lolote. Kabla hujaanza kutafuta pancha isiyokuwepo, paka mate kwenye vali utazame kama inatoa povu. Kimrija ni bei ya peremende, nunua vitano uweke. Baiskeli nyingi za gia zina vali kama ya gari, na hizo hujazwa kwenye kituo chochote cha petroli, ila kwa tahadhari: mashine ile hujaza gari, na tyubu ya baiskeli inaweza kupasuka kwa sekunde chache. Kiasi cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Mwenye kubeba mzigo mzito ajaze karibu na kiwango cha juu kilichoandikwa, na anayepita mchanga mlaini apunguze kidogo tairi lisizame.

Ukipatwa katikati ya msitu wa Arabuko-Sokoke na huna gundi, bana sehemu yenye tundu, uikunje, uifunge kwa nguvu na ukanda mwembamba uliokatwa kwenye tyubu kuukuu. Gurudumu litarukaruka kidogo, lakini utafika Gede.

Mnyororo

Watu husema mnyororo umevutika. Chuma hakijavutika. Ni pini na vikombe vyake vilivyolika, kila kiungo kikapata uwazi mdogo, na uwazi huo ukijumlishwa mnyororo unakuwa mrefu. Urefu huo unapimika kwa rula ya mtoto wa shule. Kila pini iko nusu inchi kutoka pini inayofuata, kwa hiyo pini ya kwanza na ya 25 zitakuwa inchi 12 kamili kwenye mnyororo mpya. Pini ya 25 ikipita inchi 12 kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, wakati wa kununua mwingine umefika. Ikipita kwa sehemu moja ya nane, umechelewa, na meno ya friwili nayo yameshalika. Hapo mnyororo mpya utaruka juu ya meno ya zamani, nawe utanunua vyote viwili. Kipimo cha dakika moja kwa mwezi huokoa pesa hiyo.

Mnyororo wa Black Mamba una kiungo chenye kibanio kidogo mfano wa kipini cha nywele. Upande wake uliofungika uelekee mnyororo unakokwenda, si unakotoka, kisije kikajichomoa kikikwaruzwa. Kuutoa ni kusukuma kibanio hicho kwa koleo. Uloweke mnyororo ndani ya mafuta ya taa, uusugue kwa mswaki, uukaushe juani, kisha tone moja la oili kwenye kila kiungo. Zungusha pedali mara ishirini, halafu ufute oili yote ya nje. Inayofanya kazi ni iliyoingia ndani, ya nje hukusanya mchanga tu na kuchafua kanzu. Kwa anayepita ufukoni kila siku, kufuta na kutia oili mara moja kwa wiki si kupita kiasi. Aliye Kaloleni aweza kungoja wiki mbili.

Ukaze kiasi gani? Bonyeza katikati ya mnyororo kwa kidole: ushuke na upande kiasi cha sentimita 1 hadi 2. Ukikazwa mno unasaga gololi za habu na za kranki, na ukilegea utaanguka wakati unasimama juu ya pedali kupanda mlima. Legeza nati za gurudumu la nyuma, livute nyuma sawasawa pande zote mbili, utazame tairi liko katikati ya fremu, ndipo ukaze.

Breki

Sehemu hii msiiruke. Barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Malindi haina huruma kwa mwenye baiskeli, na mtu anayevuka Daraja la Kilifi, lile lililochukua nafasi ya feri mwaka 1991, akiwa na mzigo nyuma na lori ubavuni, hana pa kukimbilia. Waliofunga raba za breki kwa kipande cha ndala tunawaona kila siku. Wengine hawana breki kabisa na husimamisha kwa kukandamiza kisigino kwenye tairi. Huo si ujanja. Kilo 80 za maji zikishuka mlima hazisikii kisigino.

Raba zitazame kila wiki. Zikilika hadi michoro yake kupotea, zibadilishe zote mbili za gurudumu hilo kwa pamoja. Zipige rimu peke yake. Zikigusa tairi zitalikata, na kwenye Black Mamba, ambayo raba zake huvutwa juu kugusa uso wa ndani wa rimu, ziwe umbali sawa kushoto na kulia. Oili ikimwagikia rimu, ifute kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni na maji, uikaushe. Breki zenye oili hazishiki, wala kuzikaza zaidi hakusaidii.

Breki za vyuma zina viungo vidogo vingi kuanzia usukanini hadi gurudumuni, na kila kiungo ni mlango wa kutu. Tone moja la oili kwenye kila kimoja, na nati zake zikazwe, maana mtikiso wa njia ya mawe huzifungua. Breki za waya zina tatizo jingine: waya hukatika ndani ya ganda lake bila wewe kuona. Tazama karibu na mkono wa breki, palipo na kichwa cha waya. Ukiona nyuzi zimeanza kufumuka, badilisha leo. Waya mpya upakwe grisi kabla haujaingizwa ndani ya ganda. Kwa hewa yetu ya chumvi, waya mkavu hauchukui muda kugandamana.

Jaribio ni hili: simama kando ya baiskeli, bana breki ya mbele, isukume mbele. Gurudumu la nyuma liinuke. Fanya vivyo hivyo na ya nyuma. Gurudumu liburutike bila kuzunguka. Mkono wa breki usifike kwenye usukani.

Gololi, pedali na kranki

Shika gurudumu juu, litikise kushoto na kulia. Likicheza, koni zimelegea. Lizungushe sasa, sikiliza. Likisaga kama kahawa kinuni, gololi hazina grisi au zimepasuka. Kufungua habu kunatisha mara ya kwanza, na hakuna sababu. Tandika kitambaa cheupe chini ili gololi zisipotee mchangani, fungua nati na koni ya upande mmoja, vuta ekseli. Habu ya mbele ya baiskeli ya aina ya Black Mamba kwa kawaida ina gololi 10 kila upande, za sehemu tatu za kumi na sita ya inchi. Ya nyuma ina 9 kila upande, za robo inchi. Zihesabu zinapotoka, kwani kiwanda hutofautiana na kiwanda, na fundi aliyetangulia huenda alitia pungufu. Osha kila kitu kwa mafuta ya taa. Gololi yenye doa au iliyopoteza mng'ao ibadilishwe pamoja na wenzake wote, usichanganye mpya na za zamani. Jaza grisi kikombeni, zipange humo moja moja, zitashikwa na grisi yenyewe. Rudisha koni, ikaze hadi gurudumu liache kucheza, kisha ilegeze kidogo sana mpaka lizunguke kwa uzito wa vali peke yake. Ishike koni kwa spana nyembamba wakati unakaza nati ya nje, la sivyo itazunguka nayo na kazi yote itaharibika. Kufanya hivi mara mbili kwa mwaka, mmoja wapo baada ya masika, kunatosha wengi.

Pedali zina jambo moja ambalo limewavunjia watu spana. Ya kulia hukazwa kama skrubu zote. Ya kushoto hukazwa kinyume. Mtengenezaji alifanya hivyo kusudi, kwa sababu mwendo wa mguu ungekuwa ukiifungua pedali ya kushoto siku nzima. Kwa hiyo ukitaka kuzitoa, zote mbili zungusha spana kuelekea nyuma ya baiskeli, ukiwa umeishika kwa juu. Zipake grisi nyuzi zake kabla ya kuzirudisha.

Kranki ikicheza kwenye Black Mamba, mara nyingi ni kotapini. Usiiendeshe hivyo hata siku moja, maana tundu la kranki litalika na hapo hakuna dawa ila kranki mpya. Ikiwa unaigonga kotapini, kranki iegemezwe juu ya kipande cha mti mgumu kinachofika chini. Usipofanya hivyo, kila pigo la nyundo linaishia kwenye gololi za ndani. Igonge iingie, kisha nati iishike tu. Wengi hutaka nati ivute pini kwa nguvu, nayo hukatika nyuzi.

Spoku nitazipitia upesi. Gurudumu la mbele la Black Mamba lina spoku 32 na la nyuma 40. Moja ikikatika, ibadilishe siku hiyohiyo, kwa sababu jirani zake sasa wanabeba mzigo wake. Rimu iliyopinda kidogo yaweza kunyooshwa kwa kukaza nipeli za upande mmoja na kulegeza za upande wa pili, robo mzunguko kwa mara moja, ukiwa umeweka chaki kwenye fremu kuonyesha inapogusa. Rimu iliyopinda sana mpelekee fundi. Hiyo ni kazi ya sikio na ya miaka.

Fundi na mwenye baiskeli

Huenda mafundi wakaona makala haya yanawapunguzia riziki. Sidhani. Mtu anayeziba pancha yake mwenyewe huendesha baiskeli zaidi, hununua mnyororo kwa wakati, na huja kwa fundi na kazi zenye malipo ya maana: kuunga fremu, kuunda gurudumu upya, kubadilisha vikombe vya kranki, kurekebisha gia. Fundi mzuri hapendi kuletewa baiskeli iliyokufa, hupenda iliyo mgonjwa. Na kama wataka kujifunza kwa kuona, keti kwake asubuhi ambayo hana wateja wengi, mpe heshima yake na bei ya chai, naye atakuonyesha. Ndivyo wengi wao walivyojifunza wenyewe.

Wasichana wasiachwe nje ya hili. Mwanafunzi wa kike anayeendesha baiskeli peke yake kutoka shuleni jioni anahitaji kujua pancha kuliko kaka yake, kwani kukwama njiani magharibi inapoingia kuna hatari kwake zaidi. Tumezoea kusema spana ni kazi ya wavulana. Ndugu wawili wa Marekani waliorusha ndege mwaka 1903, Wilbur na Orville Wright, walikuwa mafundi na wauzaji wa baiskeli, na panga za ndege ile zilizungushwa kwa minyororo. Hakuna kitu katika kazi hii kinachotaka misuli kushinda kichwa.

Njiani na dukani

Chini ya kiti au kwenye mfuko uliofungwa keria, beba tyubu moja nzima au vifaa vya pancha, vijiko viwili, spana ya nati za gurudumu, kiungo kimoja cha mnyororo, na pampu. Safari ya usiku ni taa nyeupe mbele na kitu chekundu kinachong'aa nyuma. Tochi ya simu mdomoni haionekani na dereva anayekuja kwa nyuma.

Unapokwenda kununua kipuri, chukua kile cha zamani mkononi. Tairi la inchi 28 na la inchi 26 huonekana tofauti ukiyaweka pamoja, lakini kuna ukubwa unaokaribiana ambao hautaingia kamwe, na namba iliyo ubavuni ndiyo shahidi wako. Mnyororo wa gia ni mwembamba kuliko wa Black Mamba, na ukiulazimisha utapanda juu ya meno.

Na ukinunua baiskeli iliyotumika, ifute vumbi kwanza. Rangi mpya isikudanganye. Pita kwa kidole chini ya fremu pale mirija miwili inapokutana karibu na usukani, na chini palipo na kranki, ukitafuta ufa au mahali palipounganishwa upya. Zungusha magurudumu, tikisa kranki, pima mnyororo kwa rula. Jaribu kuitoa nguzo ya kiti. Isipotoka, punguza bei au iache. Kisha tafuta namba iliyopigwa kwenye chuma, mara nyingi chini ya kranki. Ikiwa imesuguliwa, mwachie mwenyewe. Ikiwa ipo, iandike daftarini pamoja na jina la aliyekuuzia kabla hujaiendesha kwenda nyumbani.